Dawa ya Wanu

Jumatatu, 23 Machi

Daftari hili nimepewa na Dada Praxeda, yule mtafiti wa miti anayeshuka kutoka Amani kila baada ya mwezi. Kaniambia niandike kila mti Shangazi anaochuma masika hii: jina, sehemu inayotumika, unatibu nini. Nimemwitikia. Sikumwambia kwamba Shangazi akijua naandika dawa zake atanifukuza, na nikifukuzwa hapa Mwera sina pa kwenda. Muheza kwa mume nimeshaachika, na nyumba ya marehemu baba wanakaa kaka zangu na wake zao, ambao wananipenda sana nikiwa mbali.

Kwa hiyo nitaandika miti kidogo na mengine yangu.

Mimi ni Mastura binti Mwinyijuma. Shangazi ni Bi Nasra, dada mkubwa wa baba, mganga wa mitishamba. Ramli hapigi wala mashetani hapungi, na mtu akija kumuuliza nani kamloga anamwonyesha mlango. Kazi yake ni matumbo ya wanawake, homa za watoto na vidonda vilivyogoma. Mwaka wa pili huu nabeba kikapu chake, nangoja siku atakayonikabidhi mkoba wake wa uganga. Siku hiyo nitakuwa mtu.

Mvua imeanza alasiri. Kivumbasi, majani, mafua.

24 Machi

Mvua. Mtunguja, mizizi, tumbo.

Ijumaa, 27 Machi

Leo tumeingia msituni, basi niandike ya msituni mara moja, nisirudie.

Kuna kijito nyuma ya shamba la mihogo. Ukishakivuka, mdomo unafungwa. Huongei, huimbi, hata ukikanyaga mwiba unaugulia moyoni. Mdomo unafunguliwa dawa ikishaanza kuchemka jikoni. Mtu akinena kabla ya hapo, dawa imekufa. Inamwagwa, na mgonjwa anangoja siku tatu ndipo iendewe nyingine. Mwanafunzi anatembea nyuma. Hashiki jembe, hashiki mti. Anaangalia tu, na akiangalia vizuri miaka ya kutosha anapewa mkoba.

Gamba la mti linabanduliwa upande wa mawio na upande wa machweo, mti usife. Mzizi unachimbwa upande mmoja tu, na shimo unalifukia kwa mikono yako. Dada Praxeda nilishamsimulia hayo ya gamba akafurahi, akasema wazee walikuwa wanasayansi. Nikamuuliza na kunyamaza je? Akasema kunyamaza kunamfanya mtu awe makini. Labda. Mimi kunanifanya nifikirie njaa.

30 Machi

Shangazi kamimina chai nje ya kikombe. Kanilaumu mimi kwa kusogeza kikombe, nami sikukigusa.

1 Aprili

Leo kapita mke wa imamu, kasalimu, Shangazi kamwitikia kwa jina la mkwewe. Jana kanipa sindano nimtungie uzi, ati macho yamechoka na moshi. Nimemwangalia vizuri alipokaa mlangoni. Jicho la kulia lina ukungu mweupe, na la kushoto linakuja nyuma yake. Ni mtoto wa jicho, hata mimi najua.

Nikamwambia, "Shangazi, hospitali wanatoa hicho kitu siku moja tu, unarudi unaona."

"Kitu gani?"

"Hilo jicho."

"Jicho langu lina nini? Mganga aende akapange foleni ya macho, watu wamwone? Kesho nani ataniletea mtoto wake?" Kisha akasema polepole, "Miti hii mie naijua kwa mkono, Mastura. Nimeanza kuishika kabla baba yako hajazaliwa."

Ni kweli anaijua kwa mkono. Anapitisha kidole gumba nyuma ya jani na kutaja jina kabla mimi sijaliona. Nikatulia.

2 Aprili

Mvua. Tumelala na ndoo tatu sebuleni.

Ijumaa, 3 Aprili

Kaja Wanu. Nimefurahi mpaka nimeona aibu. Wanu tulisoma naye chuo cha Kurani, tukachapwa fimbo moja, na mimi nilipoachika yeye peke yake ndiye hakuniuliza kisa. Ameolewa na Hafidh, mkwezi wa minazi, mwaka wa sita huu, mtoto hakuna. Kila mwezi tumbo linamkata mpaka anatambaa.

"Shikamoo Bi Nasra."

"Marahaba mwanangu. Lete mkono." Shangazi kamshika mkono, kamminya chini ya kitovu, kamuuliza maswali ambayo siyaandiki. Kisha kasema iko dawa, mzizi wa mti unaotambaa, wanawake wanane waliounywa wana watoto na mmoja wao kazaa pacha.

Nje Wanu akaniambia, "Shoga, na hii ikishindikana, namwambia Hafidh aoe. Mie nitabaki niwapikie."

"Uwapikie nini? Wali wako wenyewe unaliwa kwa kijiko cha kupakulia zege."

Akacheka akaegemea ukuta. Kisha machozi yakamlengalenga akasema mama mkwe kaanza kuita wajukuu wa watu majina ambayo angewapa wa kwake. Nikamwambia Shangazi hajawahi kushindwa na tumbo. Niliamini nilichosema.

Jumapili, 5 Aprili

Naandika haraka.

Asubuhi mvua ilikatika kidogo, tukavuka kijito. Mzizi ule unaota pale kwenye kichuguu kikubwa. Jina lake silitaji hapa, na la mwenziwe silitaji kabisa. Maana anao mwenziwe. Wote wawili wanatambaa, wote maua yao madogo, na masika wanapandiana mpaka huwezi kusema huyu anaishia wapi na yule anaanzia wapi. Shangazi mwenyewe ndiye aliyenifundisha kuwatenganisha: jani la dawa lina malaika nyuma, yaani vinyweleo, la mwenziwe ni laini. Ukikata mzizi, mweupe ndani ni dawa. Wa manjano tupa, kanawe mikono.

Leo kapitisha gumba nyuma ya jani, akaitikia kwa kichwa, ndilo. Na kweli lilikuwa ndilo, nililiona. Kisha akashuka na mkono kufuata shina mpaka ardhini, na hapo katikati, mashina yalipojisokota, mkono ukahama. Alishika jani la huyu akafuata shina la yule. Nimeliona kwa macho yangu mawili. Alipoanza kuchimba nilikuwa nimesimama nyuma yake hatua mbili, kikapu mkononi, mdomo umefungwa.

Nilisema moyoni labda nimeona vibaya. Nikasema nikinena, dawa imekufa na Wanu anangoja siku tatu zaidi na maumivu yake. Na nilisema jingine, niliandike tu kwa kuwa hakuna atakayesoma: nikinena msituni, mkoba sipewi.

Nyumbani kanipa kisu nikatekate. Ndani ulikuwa wa manjano.

Nikautia chunguni. Ulipochemka, mdomo ukafunguka, nikasema, "Shangazi, huu mzizi mbona rangi yake..."

"Rangi yake nini?"

"Kama una manjano."

"Masika maji yanaingia kwenye mizizi, inabadilika." Kisha akanigeukia akanitazama, si usoni, kwenye bega langu. "Umeshaanza kunifundisha?"

"Hapana, Shangazi."

Nimeficha kipande kimoja kwenye kopo la chumvi. Sijui kwa nini nimekificha.

6 Aprili

Wanu kanywa asubuhi. Kikombe nilimpa mimi. Kakunja uso, kasema chungu. Nyingine kaenda nayo kwenye chupa anywe jioni. Mvua.

Jumanne, 7 Aprili

Hafidh kaja mbio saa nne. Wanu anatapika na kuharisha tangu alfajiri. Shangazi kasema dawa inasafisha, huwa hivyo, ampe uji wa chumvi. Sijawahi kusikia huwa hivyo.

Nimekwenda kumwona. Midomo imekauka, macho yameingia ndani. Kanishika kidole. "Mastura, hii dawa ina nguvu eeh?" Nikasema ndiyo, ina nguvu. Chupa ilikuwa kwenye kona, haina kitu. Kainywa yote.

Nikatoka nje nikamwambia Hafidh ampeleke hospitali leo leo. Akaniuliza kwani Bi Nasra kasemaje. Nikamwambia achana na Bi Nasra, tafuta bodaboda. Hilo nililisema, na Mungu ni shahidi. Lakini kwa nini, sikumwambia.

Jumatano, 8 Aprili

Jana hiyo hiyo tulimweka Wanu katikati ya pikipiki, dereva mbele, mimi nyuma nimemkumbatia, Hafidh kwenye pikipiki ya pili. Barabara ilikuwa tope tupu. Tuliteremka mara tatu, Hafidh akambeba mgongoni kwenye madimbwi. Kwenye kivuko watu walitupisha. Wanu alikuwa mwepesi mno, na baridi, na kila tukisimama alikuwa anaomba radhi kwa kutuchafulia nguo.

Hospitali walimpokea vizuri, wakamtundikia maji. Daktari ni kijana, mpole. Alinivuta kando karibu na mlango wa wodi, akaniuliza wewe ni nani yake. Nikasema dada yake.

"Dada, amekula nini? Amekunywa chochote? Dawa yoyote, hata ya kienyeji. Sitamgombeza mtu, nataka kujua tu."

Nilikuwa na jina la mti mdomoni. Naapa lilikuwa limefika. Nikamwona Shangazi amekaa kwenye benchi la polisi na macho yake yale, watu wanapita wanasema mchawi. Nikajiona mimi nikiwa nimesimama mbele ya nyumba ya kaka zangu na sanduku.

"Uji na samaki," nikasema. "Labda samaki alikuwa ameoza."

Daktari akaandika samaki.

9 Aprili

Hajambo kidogo, wanasema. Kutapika kumepungua. Nimeswali rakaa mbili za shukrani, nikajiambia daktari angejua nini zaidi hata ningesema.

Ijumaa, 10 Aprili

Wanu amefariki alfajiri. Innalillahi wainna ilayhi rajiun.

Tumemrudisha, tumemwosha, amezikwa baada ya sala ya Ijumaa. Mimi nilikuwa miongoni mwa waoshaji. Nywele zilikuwa zinatoka mkononi mwangu kila nikimwagia maji. Mama mkwe wake alikuwa analia kuliko sote. Mvua ilinyesha wakati wanaume wanarudi kutoka makaburini, watu wakasema ni rehema.

13 Aprili

Matanga yamekwisha. Kila mtu kasema ni kipindupindu, ni samaki, ni siku yake ilifika. Hakuna aliyemtaja Shangazi. Shangazi mwenyewe alikaa na kina mama siku tatu anasoma tasbihi, na alipouliza kwa sauti kubwa, "Hivi daktari alisema ni nini?" nilijibu mimi: "Samaki, Shangazi."

"Basi dawa yangu haikupata hata nafasi," akasema. Alisikitika kweli.

16 Aprili

Mvua. Sili vizuri.

17 Aprili

Mvua. Mlonge, majani. Sijui wa nini, sikusikiliza.

Jumatano, 22 Aprili

Dada Praxeda kaja na buti zake na makaratasi ya kukaushia majani. Shangazi akiwa jikoni, akaomba kuona daftari. Nikamwambia limelowa, nanakili upya. Shangazi alipokwenda kuoga nikatoa kile kipande kwenye kopo la chumvi.

"Dada, huu mzizi unaujua?"

Akaukwangua kwa ukucha, akanusa, akautazama muda mrefu. "Umeutoa wapi?"

"Nimeuokota njiani."

"Usimpe mtu, Mastura. Huu unaua. Unaanza na kutapika, kuharisha, halafu mtu anapata nafuu kidogo, ndugu wanafurahi, na ndani viungo vinakufa. Ukiona nywele zinang'oka..." Akaacha. Nadhani aliona uso wangu.

Nikauliza, "Na daktari akiambiwa mapema?"

"Akijua mapema anaweza kufanya mengi. Si lazima apone, lakini anajua anapigana na nini. Asipojua anatibu tumbo tu."

Aliomba abaki na kile kipande. Nikasema hapana, nikakitupa chooni mbele yake. Kaondoka bila kunywa chai.

23 Aprili

Si lazima apone. Nimeyashika maneno hayo matatu usiku na mchana. Leo nimegundua kwamba nayapenda, na nimejichukia.

Ijumaa, 1 Mei

Hafidh kaja na madafu sita na mkungu wa ndizi. Amekonda, amefuga ndevu bila kutaka. Kamwambia Shangazi, "Bibi, nimekuja kushukuru. Ulijitahidi kwa mke wangu. Mungu akulipe." Shangazi alimshika kichwa akamwombea dua ndefu.

Alipotoka Shangazi kasema, "Mtoto mwenye adabu yule." Nikaenda kukata kuni ambazo zilikuwa zimeshakatwa.

Zamani nilikuwa namwona Shangazi mkali na mwenye kiburi, na nilikuwa namwogopa. Sasa namwona kikongwe anayepapasa ukuta kutafuta mlango. Ninayemwogopa ni yule anayemshika mkono kumpeleka.

7 Mei

Mvua imerudi. Shangazi kasema baada ya masika atanikabidhi mkoba. "Umetulia siku hizi," kasema. "Zamani ulikuwa na maneno mengi."

Jumapili, 17 Mei

Jana kaja Samira, binti wa miaka kumi na tisa, mke wa fundi mashine. Tumbo lile lile, maumivu yale yale. Shangazi kamshika mkono, kamminya chini ya kitovu, kamwambia iko dawa. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikasikia maneno yale yale ya wanawake wanane. Nilitaka kusema hapo hapo sebuleni, hata mdomo nikaufungua. Nikasema labda leo atachimba sawa.

Asubuhi tukavuka kijito. Shangazi alikuwa anatembea kwa kunishika upindo wa kanga, jambo ambalo halikuwapo mwezi wa tatu. Kwenye kichuguu kapapasa, kapata jani, kapitisha gumba, kaitikia kwa kichwa. Kashuka na shina. Mkono ukafika kwenye msokoto, ukasita, ukahama.

Akainua jembe.

"Shangazi, siyo huo."

Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka. Jembe likabaki juu. Miaka yote aliyochimba hapo sidhani kama alishawahi kusikia sauti ya mtu mahali pale. Nilingoja anitukane.

Akaweka jembe chini, akakaa kwenye tope. Akakamata lile shina tena, akapanda nalo taratibu, kidole kwa kidole, mpaka kwenye jani lake lenyewe. Akapitisha gumba nyuma. Akapitisha tena.

"Laini," akasema.

"Ndiyo."

Tukakaa. Mvua ilikuwa inadondoka kwenye majani juu yetu. Niliona wazo linavyomfikia, nikatamani nikimbie.

"Na siku ile ya Wanu?"

"Ilikuwa hivi hivi."

"Uliona?"

"Niliona, Shangazi. Na nilipokata ulikuwa wa manjano."

Hakupiga kelele. Alifungua mkoba, akatoa ubani, kisu, vitambaa vyake vyenye mafundo ya dawa, akaviweka kimoja kimoja kwenye tope kama mtu anayepakua gizani. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ulikuwa unangoja huu?"

Sikuweza kusema hapana.

"Mie nilikufundisha kunyamaza dawa isife," akasema. "Sikukwambia mtu afe." Akanipa mkono nimwinue. Vitu vyake viliachwa pale pale. Tulirudi tumenyamaza, ingawa hapakuwa na dawa yoyote kwenye kikapu.

Samira tumemwambia aende hospitali.

Jumatatu, 18 Mei

Shangazi hakulala. Asubuhi kaoga, kavaa baibui lake la Idd, kasema twende kwa Hafidh. Nikamwambia tungoje, kesho ni arobaini ya Wanu, nyumba imejaa watu. Akasema ndiyo maana.

Hafidh alikuwa uani anapasua kuni za kupikia pilau ya khitma. Kina mama walikuwa wanachagua mchele barazani. Tukaingia, nikasalimu, Shangazi akakataa mkeka, akasema atazungumza amesimama.

"Hafidh, mwanangu. Wewe uliniletea madafu ukanishukuru. Mkeo nimemuua mimi. Nilichimba mti mbaya. Macho yangu hayaoni, tangu mwaka jana hayaoni, nikaona aibu kusema. Ukitaka kunipeleka polisi nitakwenda. Ukitaka kunipiga hilo shoka hapa hapa sina neno."

Kina mama waliacha mchele. Mama mkwe wa Wanu alishika kichwa. Hafidh akaliegemeza shoka lake ukutani, na nikaona machozi yanamtoka yenyewe bila uso kubadilika.

Nikasema, "Shemeji, Shangazi hakujua. Aliyejua..."

"Nyamaza wewe," akasema Hafidh, bila ukali. Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Siku ile daktari alipokuuliza, nilikuwa nyuma ya mlango, nimeshika kanga za Wanu. Nilikusikia ukisema samaki. Nikashangaa, maana samaki hatukula wiki nzima ile. Lakini nikasema Mastura ni dada yake, anajua analolisema. Nikanyamaza."



"Bi Nasra haoni," akasema Hafidh. "Wewe unaona."

 

Akamwambia Shangazi ya polisi watazungumza baada ya khitma, na wazee wawepo. Kisha akamshika mkono, akamtoa nje, akamvusha dimbwi lililoko mbele ya nyumba, akimwambia hapa panateleza, Bibi, kanyaga huku, sasa huku. Mimi nilibaki uani katikati ya wale kina mama. Hakuna aliyenitukana. Baadaye mmoja wao akavuta ungo, wakaendelea kuchagua mchele, nami nikatoka nikapita dimbwini.